Bundi Aliyevaa Boshori

Mwalimu Rono tulimzika Ijumaa, si mbali na Sigor, nyumbani kwake mwenyewe, siku yenye jua kali lililofanya tenti zinuke plastiki. Nilifika nikiwa nimechoka tayari. Siku hizi nachoka kabla ya kutoka nyumbani. Kuvaa viatu vya safari peke yake ni kazi ya kutosha. Nilichagua kiti cha nyuma nikasikiliza watu wakimsifu kwa zamu. Mwalimu mkali wa bayolojia. Mzee wa kanisa. Mfugaji aliyekamua ng'ombe wake mwenyewe mpaka magoti yakakataa. Hakuna aliyetaja kwamba baada ya kustaafu alipewa kazi ya kuhesabu ndege katika shamba kubwa la majani chai upande wa Kericho, na kwamba aliifanya mwaka mzima, vibaya sana na kwa furaha sana, mimi nikiwa msaidizi wake. Pengine hawakujua. Nilikuwa nikiwaza hayo wakati mwanamke mmoja mnene alipojishusha kwenye kiti kilichokuwa kando yangu, akalegeza kitambaa cha kichwa, akavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima, akasema bila kunigeukia, "Chebet, umezeeka." Huku kwetu mimi ni Mama Kibet. Nilikuwa sijasikia mtu akiniita Chebet kwa muda mrefu, na kwa sauti ile sikuhitaji kutazama. "Na wewe pia, Akinyi," nikamwambia. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule wa ndege. Mhubiri alikuwa amesimama, nami nikaacha kumsikiliza.

Wakati ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza kidato cha nne, natafuta kazi yoyote isiyokuwa ya kuchuma majani, kwa sababu kwenye kuchuma nilikuwa nimeshindwa. Wanunuzi wa chai wa ng'ambo walikuwa wameanza kuuliza maswali: je, msitu ulio kando ya shamba bado una uhai? Ndege wapo? Shamba likaona heri lihesabu. Mwalimu Rono akapewa darubini na buti za mpira, kisha akaambiwa atafute msaidizi anayejua kusoma. Wengine waliiona ni kazi ya wazimu. Mimi niliona ni kazi ya kutembea, nikaikubali siku hiyo hiyo.

Nilipewa nafasi katika chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi, tulizoziita kambi, na mwenzangu wa chumba alikuwa Akinyi. Alitoka upande wa ziwa, alinizidi umri kidogo, na alifanya kazi kiwandani kwenye mashine za kukausha majani. Alirudi jioni na vumbi la chai kwenye nywele na nyusi, akinukia kama kopo la majani lililofunguliwa sasa hivi. Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango, changu karibu na jiko, na katikati palikuwa na meza moja, na juu ya meza koroboi iliyotoa moshi mwingi kuliko mwanga. Mimi niliondoka alfajiri kabla hajaamka, tukaonana jioni giza likiwa limeshaingia. Mwanzoni kila mtu alikula chake. Nilidhani omena wake, wale dagaa wa ziwani, watanitoa chumbani kwa harufu, naye aliutazama mursik wangu, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, na majivu yake meusi, akauliza kama ulikuwa umeungua. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa akiukorogea kwenye ugali, nami nilikuwa nikitoa omena vichwa na kuwaweka kando kwa heshima. Ndiyo milo ninayoikumbuka kuliko ya arusi yangu: sufuria moja, vijiko viwili, mvua ikipiga mabati mpaka ukitaka kusema kitu unangoja.

Kazi yenyewe ilikuwa kusimama ukingoni mwa msitu, mahali chai inapoishia na miti kuanza, na kusema tulichoona. Shida ilikuwa kwamba hatukuona. Mwalimu alikuwa na darubini moja tu, na kile kigurudumu cha katikati kilikuwa kimelegea, kwa hiyo alikiweka panapomfaa yeye akakizungushia utepe wa gundi. "Hapa usiguse," aliniambia siku ya kwanza. "Nimepima." Kila aliponipa nitazame niliona ukungu wenye rangi, nikadhani ndivyo darubini zilivyo. Sikuwa na habari kwamba macho yangu yalikuwa mabovu. Mtu hajui anachokosa kuona. Mimi nilidhani watu wote wanaona miti kama nilivyoiona, kama moshi wa kijani. Kwa hiyo nilikisia. Mwalimu naye, ambaye macho yake ya umri ule hayakuwa ya kujivunia, alipenda kuamini. Alikuwa amesoma majina ya Kiswahili katika kijitabu fulani, majina ya pwani ambayo hakuna mtu Kericho aliyewahi kuyasikia, akawa ananifundisha njiani: kwarara, yangeyange, chozi, kwale. Niliyashika yote. Nilijua ndege gani ana shingo ya namna gani na hula nini. Nilikuwa kama mtu anayejua majina ya ukoo wote lakini hawezi kumtambua hata mmoja wao akipita njiani.

Asubuhi moja niliona, juu ya mti ulioinama ukingoni mwa kijito, ndege mkubwa wa buluu, yule wa msituni mwenye ushungi kichwani, ambaye Mwalimu alikuwa akimtamani tangu tuanze. Nilimshika mkono nikamwonyesha. Akatazama kwa darubini. "Ametulia," akanong'ona. "Anakausha mabawa." Tulitambaa kwenye matope kwa magoti, yeye na umri wake wote, mpaka tukafika chini ya mti, na ndege akawa eproni ya mchuma majani, ile ya plastiki ya kuzuia umande, imeanikwa ikauke. Mwenye eproni alitoka kichakani alikokuwa amejisaidia akatukuta tumepiga magoti mbele yake. Akatusalimia. Mwalimu alisimama, akajipangusa, akamwambia, "Tunaomba," na sijui alikusudia nini.

Halafu kuna bundi. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye njia, na juu ya nguzo ya ua, upande wa nasari ya miche, tulimwona waziwazi: duara, kahawia, mabega hana, ameketi bila kujitikisa. Hata mimi nilimwona. Mwalimu alinizuia kwa mkono. "Usisogee. Ukisogea atapaa." Tukasimama. Baridi ikatuingia. Mwalimu akaanza kunieleza kwa sauti ya chini kwamba bundi hugeuza kichwa nyuma kabisa bila kugeuza mwili, na hapo hapo kichwa kikageuka, kikatutazama, kikasema, "Mimi nipae niende wapi, Mwalimu?" Alikuwa soja, mlinzi wa nasari, amechutama nyuma ya nguzo na boshori yake ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, anakunywa chai. "Chamgei," akaongeza. Mwalimu akaitikia salamu kwa adabu zote, akamuuliza habari za nyumbani, na tulipofika mbali akaniambia, "Hata hivyo, rangi ilikuwa yenyewe."

Jioni nilimhadithia Akinyi mambo haya yote, na hilo ndilo lililofanya mwaka ule uwe mwaka. Alikuwa msikilizaji mbaya, wa kukatiza na kudai nirudie. "Rudia hapo kwa 'nipae niende wapi'." Nikarudia kwa sauti ya soja. Alicheka mpaka akajikunja, mkono ubavuni, akasema, "Wacha, wacha, utaniua." Yeye ndiye aliyegundua ndege wa tatu. Kwa majuma mengi mimi na Mwalimu tulikuwa tukisikia kila asubuhi, kutoka bondeni, mlio wa nota mbili, moja juu moja chini, kwii-kwoo, kwii-kwoo, ukikaribia polepole na kutoweka. Hatukuupata popote. Mwalimu alianza kunong'ona kwamba huenda ni ndege asiyejulikana, akawa haoni hatari kuota kwamba ndege huyo atapewa jina lake yeye. Nilipomwigia Akinyi mlio huo, aliweka kijiko chini. "Chebet. Hiyo ni wilbaro ya mama wa kantini. Inaleta kuni." Kesho yake tukaenda kungoja, na ndege asiyejulikana akapanda kilima akisukumwa, amebeba kuni. Mwalimu alimsaidia mama yule kusukuma mpaka juu.

Katika miezi ile Akinyi alianza kuacha chakula. Nilipokaanga sukuma alisema amekula kiwandani. Nilipoleta maparachichi alisema tumbo halitaki. Mursik akauacha kabisa. Mara nyingine alisema, "Leo nafunga," na kwa kuwa kanisa lao lilipenda kufunga, niliona ni mtu wa dini. Ukuta wetu ulikuwa wa mbao upande wa juu, na jirani yetu, Mama Chepkoech, alikuwa na sauti isiyojua kunong'ona. Usiku mmoja, mapema, nikiwa nachambua mboga peke yangu, nilimsikia akimwambia mgeni wake, "Huyo msichana wa huko chini amekwisha. Umeona shingo?" Mgeni akauliza ni nini. "Si ni ile tu. Ni nini ingine inamaliza mtu hivyo?" Mgeni akasema afadhali arudi kwao mapema, kabla ya kuleta shida hapa kambini. Waliendelea na habari za bei ya mahindi. Mimi nilibaki na mboga mkononi. Akinyi aliporudi nilimtazama. Kule mlangoni alikuwa kama alivyokuwa siku zote machoni pangu, umbo refu lenye kitambaa chekundu. Nikajiambia Mama Chepkoech ana mdomo tu.

Wageni wa wanunuzi walikuja baada ya mvua za masika. Mwalimu alivaa tai. Kati yao alikuwepo mama mmoja kutoka Nairobi, mfupi, mwenye sauti ya kikohozi, ambaye kazi yake ilikuwa hasa hiyo ya ndege. Meneja mwenyewe alikuwepo. Mwalimu alikuwa ameniambia njiani, bila kunitazama, kwamba kama hawataridhika kazi yetu itakwisha hapo, na mimi nilikuwa nimeshazoea kula. Kwa hiyo, kutoka kilimani, nilipoona kundi jeupe limetawanyika kwenye chai chini yetu, sikungoja kuulizwa. "Yangeyange," nikasema kwa sauti. "Wale weupe wanaofuata ng'ombe. Ni wengi kuliko mwezi uliopita." Nikaeleza miguu yao, midomo yao, wanavyolala pamoja kwenye mti mmoja karibu na maji. Nilieleza vizuri. Halafu yangeyange mmoja akaimba wimbo wa kanisa, wengine wakaitikia, na meneja akasema polepole, "Hao ni wachumaji wangu." Walikuwa wamevaa mifuko myeupe ya plastiki kichwani, kujikinga na manyunyu.

Watu walicheka, na meneja hakucheka. Lakini yule mama mfupi alikuwa akinitazama mimi, si chini. Akatoa darubini yake shingoni akanivika. "Zungusha hiyo gurudumu," akasema. "Zungusha mpaka mimi nikwambie uache. Hapana, wewe ndio utajua." Nikazungusha. Moshi wa kijani ukakatika vipande vipande. Kule chini palikuwa na mwanamke amesimama, kikapu mgongoni, anajikuna kwapa. Niliona kidole chake. Niliona alivyochoka, mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama wa mtu aliyelala. Siku zote nilikuwa nikiona wachumaji kama madoa yanayosogea, tena madoa yanayopendeza. "Wewe unajua ndege," mama yule akaniambia. "Huwaoni tu." Akamgeukia meneja akasema mtoto huyu apelekwe kupimwa macho, na kwamba yeye mwenyewe atarudi kuuliza.

Nilipimwa hospitalini Kapkatet, na miwani ilipokuwa tayari niliivaa hapo hapo, nikarudi kambini jioni jua likiwa bado lipo, mapema kuliko kawaida yangu. Ninakumbuka kwamba sikufurahi kama nilivyotegemea. Kila kitu kilikuwa kimezeeka njiani. Kuta za kambi zilikuwa na ukungu mweusi, buti zangu zilikuwa zimepasuka, na Mama Chepkoech, ambaye nilimdhania mwanamke wa makamo, alikuwa msichana wa rika langu mwenye mtoto mgongoni na macho yaliyovimba. Akinyi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango, zamu yake imeisha, uso kuelekea jua. Aliposikia hatua zangu aliinua kichwa, akatabasamu kwa ajili ya miwani, akaanza kusema kitu cha mzaha. Shingo yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Na macho yake, pale ambapo macho ya mtu huwa meupe, yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai.

"Akinyi, unaumwa."

"Hiyo miwani imekufundisha udaktari pia?"

"Macho yako ni manjano. Twende hospitali."

Akatazama kando kama kuna mtu anasikiliza, akaniingiza ndani, akafunga mlango. Hapo ndipo aliponiambia, kwa sauti ya chini na ya haraka, kwamba anajua anachoumwa, kila mtu anajua, anasikia kupitia ukuta kama mimi. Hataki kwenda kuambiwa kwa karatasi. Yeye ni wa kibarua, mkataba wake ulikuwa karibu kwisha, na wa kibarua akikosa siku, anakuja mwingine. "Hapa mimi si kwetu, Chebet. Wewe ukianguka utainuliwa. Mimi nikianguka nitaambiwa nirudi kwetu." Nilimuuliza maumivu yako wapi. Akaweka mkono ubavuni, palepale alipokuwa akishika akicheka. Nilimuuliza yanakuja lini. Akasema akila mafuta, na kwamba ndiyo sababu alikuwa akifunga. Nilibishana naye mpaka usiku mwingi. Sikumshawishi. Asubuhi alikuwa akitetemeka kwa homa, hana nguvu za kubisha, na Mwalimu Rono, nilipomwendea, hakuuliza swali. Aliomba gari la shamba, akamshika Akinyi upande mmoja, mimi mwingine, tukampakia.

Haikuwa ile, haikuwa ukimwi. Yalikuwa mawe kwenye mfuko wa nyongo, na moja lilikuwa limeziba njia. Daktari alisema tungechelewa zaidi asingepona. Wakampeleka hospitali kubwa, akapasuliwa, akalala huko siku nyingi, nami nilikwenda Jumapili na uji kwenye chupa. Mwalimu alikuja mara moja akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamhadithia habari za kwale aliyemnyatia asubuhi nzima na ambaye alikuwa kuku wa mke wa meneja. Akinyi akashika kidonda chake kwa mikono miwili ili kisifunguke. Rangi ya macho ilianza kurudi. Mama Chepkoech alimtumia ndizi mbivu, na tukazila.

Lakini mkataba uliisha akiwa kitandani. Aliporudi kambini, kitanda chake kilikuwa kimepewa msichana kutoka Soin, na nguo zake mimi nilikuwa nimezifunga kwenye lesso. Nilikwenda naye mpaka steji. Nilitegemea atanishukuru, nisiseme uongo. Alisimama na furushi lake akaniambia, "Wadogo zangu watatu wako shule kwa kazi ile. Ungeniacha nimalize mkataba." Nikasema, "Ungekufa." Akasema, "Pengine." Gari likaja akapanda. Mwaka ule ulikuwa umebakiza wiki chache. Mimi na Mwalimu tulihesabu ndege mpaka mwisho wake, na sasa nikiwa naona, hatukukosea sana, na jioni sikuwa na mtu wa kumhadithia.

Mhubiri alimaliza. Tulichukua sahani zetu, wali na nyama ya kuchemsha na chapati, tukaenda kukaa nyuma ya tenti kwenye ukuta wa tangi la maji. Nilimwona akiweka kando mafuta ya nyama, bado. Akaniambia anashona nguo za shule Sondu, mgongo unamuuma, mumewe alifariki, wale wadogo zake wote walimaliza shule hata hivyo, kwa njia zingine, ndefu. Akasema Mwalimu alikuwa akimpigia simu kila Krismasi, mpaka Krismasi hii iliyopita. Sikuwa nimejua. "Nilikukasirikia miaka mingi," akasema, akitafuna. "Kila nikichoka nilikuwa nafikiria, kama ningemaliza ule mkataba. Halafu nikaanza kuchoka hata na hiyo."

"Mimi nilidhani umenisahau."

"Wewe ndio uliniona. Nitasahau aje?" Akapangusa mikono kwenye sketi. "Unaishi na nani?"

"Na ng'ombe wawili. Watoto wako Nairobi."

"Basi nitakuja."

Nilidhani ni maneno ya matangani, yale watu husema wakitafuta viatu vyao. Lakini Jumamosi iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, nilisikia mtu akibishana na kitasa cha geti, nikatoka, alikuwa yeye, na mfuko wa njugu na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Tulikula. Alisifu mboga, akauliza ng'ombe yupi ana mimba. Nikaenda kumwaga maji ya vyombo. Niliporudi alikuwa amelala kwenye kiti changu, kile kizuri cha karibu na dirisha, miguu imenyooshwa, kitambaa kimeanguka. Alilala mchana wote. Nilikamua, nikapeleka maziwa kwa jirani, nikarudi, nikawasha taa ya jikoni tu ili mwanga usimfikie, nikaanza kupika cha watu wawili.